Kompyuta ya kuunga haina kiwanda cha kurudia: jinsi ya kuiandalia njia za uokoaji

SWALI

Shikamoo kaka. Mimi ni mpiga video wa harusi, naishi Tanga. Mwezi uliopita nimemaliza kuunga kompyuta yangu mwenyewe, vipuri nimevikusanya kidogo kidogo kutoka Kariakoo: mazabodi ni MSI B450 Tomahawk MAX, prosesa Ryzen 5 3600, RAM GB 16, SSD ya NVMe ya GB 500 yenye Windows 11 Home, na diski ya zamani ya TB 2 ninayowekea mikanda. Laptopu niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa HP. Ikisumbua nabonyeza F11, inarudi kama ilivyotoka dukani. Hii mpya nikibonyeza F11 inaniletea orodha ya diski tu. Rafiki amenishauri niigawe ile diski ya TB 2, nitengeneze D ya bakapu, basi. Je, inatosha? Umeme wetu unakatika mara kwa mara na naogopa siku moja nitaamka nikute kazi za watu zimepotea.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mashine. Umechagua vipuri vizuri.

Nianze na F11, maana ndiyo iliyokuchanganya. Kwenye HP yako kitufe kile kilikuwa kinaamsha patisheni iliyojificha, yaani kipande cha diski ambacho kampuni ilikijaza kiwandani: Windows, draiva zote za laptopu ile (programu ndogo zinazoendesha vifaa), na programu zao. Kwenye mazabodi ya MSI, F11 ni menyu ya kuchagua kompyuta iwake kutoka diski ipi. Haina nia mbaya na wewe, na baadaye utaona ni kitufe muhimu sana. Ila kompyuta ya kuunga haijawahi kupita kiwandani ikiwa nzima. Hakuna aliyekaa akaichukulia nakala ya siku yake ya kwanza. Kazi hiyo imebaki kwako, na mwezi wa kwanza ndio wakati wake, mashine ikiwa bado safi.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Nusu yake ni sahihi: nakala iliyo kwenye diski ya pili itakusaidia SSD ikifa peke yake. Tatizo ni kwamba vifaa vya ndani ya kasha moja mara nyingi havifi kimoja kimoja. SSD na diski ya TB 2 zinakula umeme wa pawasaplai moja, Windows moja inaziona zote mbili, na mwizi akiingia atabeba kasha zima. Virusi vya kudai fidia navyo hufunga kila diski vinayoiona, na D ya bakapu vinaiona.

Niliwahi kuletewa hapa mezani kwangu kasha la kijana aliyebadilisha pawasaplai peke yake. Pawasaplai mpya ilikuwa ya kebo za kuchomoa, na yeye akaziacha kebo za ile ya zamani kwa sababu zilikuwa zimeshapangwa vizuri nyuma ya kasha, na plagi zilikubali kuingia. Upande wa diski, plagi ya SATA ni ile ile duniani kote. Upande wa pawasaplai, kila kampuni hupanga nyaya kivyake. Volti 12 zikaingia kwenye njia ya volti 5, na diski mbili, ya kazi na ya bakapu, zikaungua kwa pamoja kabla feni haijamaliza mzunguko. Alikuwa na nakala, lakini ilikuwa sentimita kumi kutoka kwenye kazi yenyewe. Kwa hiyo ukija kubadilisha pawasaplai, badilisha na kebo zake zote. Na nakala ya maana iwe nje ya kasha.

Utakachotengeneza ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Cha kwanza ni njia ya kuirudisha mashine: Windows, draiva, programu na mipangilio yako. Cha pili ni njia ya kurudisha kazi: mikanda, miradi, picha, mikataba. Mashine iliyokufa inakugharimu siku moja au mbili. Mkanda wa ndoa ya watu ukipotea, hakuna wa kuurudia.

Lakini kabla ya flashi na kabla ya diski ya nje, kuna namba.

Mashine yako ina Windows 11 Home. Ukiwa umeweka toleo la 24H2 au la baadaye, na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, kuna uwezekano mkubwa SSD yako imeshasimbwa, yaani yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo, bila wewe kuulizwa. Zamani jambo hili lilikuwa la laptopu. Tangu 24H2 masharti yamelegezwa, na kompyuta za kuunga zenye TPM, kifaa kinachotunza funguo za usimbaji, zimeingia kundini. Kwako TPM imo ndani ya prosesa yenyewe, nayo huitwa fTPM, ndiyo ile uliyoiwasha kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows) ili Windows 11 ikubali. Nenda "Settings", kisha "Privacy & security", kisha "Device encryption", uangalie kama imewashwa. (Vitufe naviandika kama vinavyoonekana kwenye kioo, maana Windows za wengi wetu ziko kwa Kiingereza.)

Kama imewashwa, kuna ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Siku TPM ikihisi kuna kilichobadilika, Windows haitawaka. Utaona kioo cha buluu kinachokuomba tarakimu hizo, na fundi yeyote hatakusaidia bila hizo. Mimi pia sitaweza. Na mwenye kompyuta ya kuunga ndiye anayegusa mambo yanayoistua TPM: anapandisha BIOS, anabadilisha prosesa, betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi inaisha na mipangilio inajifuta.

Dada mmoja mpiga picha alinunua Ryzen yenye nguvu zaidi, akaichomeka vizuri kabisa. Alipowasha, kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe: prosesa mpya imeonekana, bonyeza Y kuifuta fTPM na kuanza upya, au N kuiacha ilivyo. Maandishi yale yanaitaja BitLocker, yaani usimbaji wa Windows, waziwazi, yanaonya kwamba bila ufunguo hutaweza kuingia. Lakini yako kwa Kiingereza kizito, na mtu mwenye furaha ya prosesa mpya anataka Windows ifunguke. Akabonyeza Y. Angebonyeza N angeweza kurudisha prosesa ya zamani na kuingia kama kawaida. Ufunguo wake ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, ila akaunti ilikuwa ya kijana aliyemwekea Windows, ambaye alishabadilisha namba ya simu na barua pepe ile hakuikumbuka tena. Picha za miezi minane zimo ndani ya SSD nzima, isiyo na ubovu wowote, na hazifunguki.

Kwa hiyo leo, kabla hujafanya kingine chochote: bofya kulia alama ya Windows, fungua "Terminal (Admin)", andika

manage-bde -protectors -get C:

Tarakimu 48 zitatokea, pamoja na kitambulisho cha ufunguo. Ziandike kwenye karatasi kwa mkono, kisha mtu mwingine azisome kwa sauti wewe ukizifuatisha kwenye kioo. Karatasi ikae na vyeti vyako. Halafu ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako uhakikishe na kule zipo, na kwamba akaunti ni yako kweli. Hakikisha pia nenosiri la akaunti hiyo unalijua na namba ya simu iliyosajiliwa bado unaishika.

Sikushauri uzime usimbaji. Una mikanda ya familia za watu, na mashine ikiibwa ni heri isifunguke. Ila usimbaji bila karatasi ile ni hatari kuliko mwizi. Julai 19, 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama, hospitali zikaahirisha huduma. Tiba yenyewe ilikuwa ndogo: ingia kwenye mazingira ya uokoaji, futa faili moja. Kilichowachelewesha mafundi kwenye mashine nyingi zilizosimbwa kilikuwa kutafuta tarakimu 48 za kila mashine.

Mazingira hayo ya uokoaji unayo hata wewe. Windows inapojisakinisha hutenga patisheni ndogo, ya MB mia kadhaa, yenye kinachoitwa Windows RE. Hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya F11 ya HP, ingawa haina nakala ya kiwandani. Ina vifaa vya ufundi tu. Ihakiki kwenye ile ile terminali:

reagentc /info

Unatafuta neno "Enabled". Ukikuta "Disabled", andika reagentc /enable. Hali hiyo huwapata sana waliohamisha Windows kutoka SSD moja kwenda nyingine kwa kunakili: kila kitu kinafanya kazi, na Windows RE imezimika kimya. Kuingia humo, shika Shift huku ukibofya "Restart". Windows ikigoma kabisa kuwaka, itajaribu kuingia yenyewe baada ya kushindwa mara mbili mfululizo. Ukishaingia, "Startup Repair" na "Uninstall Updates" ndizo zinazotibu magonjwa mengi. "Reset this PC" ni ya mwisho. Nayo inakuuliza uache mafaili au ufute vyote, na itumie Windows iliyopo au ipakue mpya, yaani "Cloud download", inayoweza kula zaidi ya GB 4 za bando. Kumbuka kwamba hata ukichagua kuacha mafaili, programu zako zinaondoka. DaVinci ya kuhariri video, programu-jalizi na mipangilio yake yote utaanza upya.

Ukiwa bado ndani ya Windows, kwenye terminali ile ile, fungua na diskmgmt.msc, inayoonyesha diski na vipande vyake. Nataka uangalie kitu ambacho waungaji wengi hawakijui. Tafuta kipande kidogo kilichoandikwa "EFI System Partition". Kiko kwenye SSD au kwenye ile diski ya TB 2? Ukisakinisha Windows diski nyingine ikiwa imechomekwa, kisakinishi kinaweza kuweka kipande hicho cha kuwashia kwenye diski ile nyingine, hasa kama iliwahi kubeba Windows zamani. Mashine itawaka vizuri kwa miaka. Siku diski ya zamani ikifa, SSD nzima yenye Windows nzima itakuwa haiwaki, nawe utahangaika kutafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Kwako, kwa kuwa mashine ina mwezi mmoja tu, dawa safi ni kuchomoa kebo ya diski ya TB 2, kusakinisha Windows upya kwenye SSD peke yake, kisha kuirudisha. Kuna njia ya kutengeneza kipande kipya kwa diskpart na bcdboot, ila sipendi mtu aijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mashine yenye kazi za wateja.

Windows RE iliyo ndani ya diski ina udhaifu wake: diski ikifa, imekufa nayo. Na huweza kuharibiwa na sasisho. Sasisho la Oktoba 14, 2025 lilifanya kibodi na vipanya vya USB vigome ndani ya Windows RE, yaani unafika kwenye vifaa vya uokoaji halafu huwezi kubofya chochote, mpaka Microsoft ilipotoa marekebisho Oktoba 20. Mazabodi yako ina tundu la duara la PS/2 nyuma. Kibodi ya kizamani ya PS/2, kama utaiona mahali kwa bei ya chini, chukua. Lakini kinga hasa ni flashi iliyo nje ya mashine.

Flashi. Hapa nina neno na wewe uliyenunua Kariakoo, na lingemhusu hata aliyenunua Luthuli Avenue kule Nairobi. Maduka ya kweli yapo mengi, na flashi za uongo zipo pia. Flashi imeandikwa GB 64, Windows inakubali ni GB 64, ndani ina GB 8. Ukiijaza, mafaili yanaonekana yameandikwa, majina yapo, ukubwa upo, na yaliyomo hayapo. Pakua programu ndogo ya bure iitwayo H2testw. Inaijaza flashi yote kwa data kisha inaisoma upya kuhakiki. Inachukua muda, iache usiku. Flashi yoyote au diski ya nje yoyote isiyopita mtihani huo isiguse kazi yako. Fanya hivyo ikiwa bado tupu na risiti bado mfukoni.

Kwenye flashi nzuri ya GB 32, weka kisakinishi cha Windows 11 kwa Media Creation Tool ya Microsoft, ambayo inadai angalau GB 8 na itafuta kila kilichomo. Kuna njia nyingine ndani ya Windows, "Recovery Drive", inayotaka angalau GB 16. Si mbaya. Ila kwa kompyuta ya kuunga naipendelea ya kisakinishi, kwa sababu inakupa vyote: kwenye madirisha yake ya mwanzo kuna njia ya kuingia kwenye vifaa vya uokoaji, na ikibidi unasakinisha Windows mpya kabisa hata kwenye SSD mpya. Kisha ndani ya flashi hiyo hiyo tengeneza folda uiite Draiva, na kwenye terminali andika

pnputil /export-driver * E:\Draiva

ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda iwepo kabla ya kuandika amri, la sivyo itagoma. Hii ndiyo inayokupa ile sehemu ya kiwanda cha HP uliyoizoea. Kama unatumia adapta ya Wi-Fi ya USB, folda hii ni ya lazima: kisakinishi cha Windows 11 kinadai intaneti ili kuendelea, adapta inadai draiva ili kuwaka, na draiva iko kwenye intaneti. Nimeona watu wakikaa kwenye dirisha hilo jioni nzima.

Hakikisha pia leseni. Kwenye "Settings", "System", "Activation", unataka kusoma kwamba leseni imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft. Mazabodi ikifa, hapo ndipo utakapoiombea leseni ihamie kwenye mpya, kama uliinunua leseni ya rejareja. Leseni iliyofungwa kwenye mazabodi hufa nayo.

Sasa taswira ya mfumo, kitu kilicho karibu zaidi na F11 ya zamani. Ni faili kubwa moja lililobeba SSD yako kama ilivyo: Windows, draiva, DaVinci, fonti zako, kila kitu, pamoja na kile kipande cha EFI. SSD ikifa Ijumaa, unaweka nyingine, unawasha kwa flashi, unairudisha taswira, na Jumamosi asubuhi unaendelea na mkanda pale ulipoishia. Windows ina chombo chake cha kazi hii kwenye "Control Panel", kimeitwa "Backup and Restore (Windows 7)". Bado kinafanya kazi, lakini Microsoft iliacha kukiendeleza tangu 2017 na sikitegemei tena kwa kazi mpya. Macrium Reflect ya bure, ambayo mafundi wengi tuliizoea, nayo ilifungwa. Mimi natumia Veeam Agent for Microsoft Windows, ile ya bure. Wanaopenda kufanya kazi nje ya Windows wanatumia Clonezilla, imara sana ingawa sura yake inatisha mtu wa mara ya kwanza.

Mpangilio ni huu. Maliza kwanza kusakinisha kila unachohitaji, pitisha masasisho yote, washa mashine upya mara mbili uone hakuna linalolalamika. Kisha tengeneza taswira ya SSD nzima, si ya C peke yake, iende kwenye diski ya nje. Kama umetumia GB 90 kwenye SSD, tarajia faili la kiasi hicho au pungufu. Taswira hiyo ya kwanza ipe jina lenye tarehe na usiifute kamwe. Ndiyo kiwanda chako. Baada ya hapo tengeneza moja kila mwezi, na moja kabla ya badiliko lolote kubwa, ukibaki na mbili za karibuni. Veeam itakuomba utengeneze flashi yake ya uokoaji. Usiruke hatua hiyo, bila flashi hiyo taswira haina mlango. SSD ya kubadilishia iwe na ukubwa sawa au zaidi. Na taswira ukiichukua ukiwa ndani ya Windows, yaliyomo hayajasimbwa tena, kwa hiyo ama uiwekee nenosiri ndani ya Veeam au diski hiyo ikae mahali pa kufungwa.

"System Restore" nayo iwashe, kwa kuandika sysdm.cpl na kufungua kichupo cha "System Protection". Mara nyingi huja ikiwa imezimwa. Inasaidia draiva mpya ya kadi ya picha ikivuruga mambo. Haina uhusiano wowote na mikanda yako.

Kwenye mikanda ndipo moyo wangu ulipo. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwako inakuwa hivi. Nakala ya kwanza ni diski ya TB 2 ndani ya kasha. Ya pili, diski ya nje unayoichomeka jioni baada ya kazi, unanakili, unaichomoa. Neno muhimu ni kuichomoa; diski iliyochomekwa siku zote haina tofauti kubwa na D ya rafiki yako. Ya tatu, diski nyingine ya nje inayokaa kwa dada yako au kwa mtu unayemwamini mtaa mwingine, mnabadilishana kila wiki. Kwa diski za kukaa kabatini nunua zile za sahani zinazozunguka, si SSD. Ni rahisi kwa kila TB, na SSD isiyopata umeme kwa muda mrefu sana inaweza kupoteza ilichobeba.

Kuna watakaokwambia uweke kwenye wingu. Piga hesabu nami. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inatoa GB 45 kwa saa. Harusi ya kamera mbili inafika GB 100 kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10, GB 100 zinahitaji saa 22 mfululizo, na Google inakupa GB 15 za bure, OneDrive GB 5. Wingu litumie kwa vitu vidogo vyenye thamani: mafaili ya miradi, mikataba, nembo, fonti. Na hapa angalia sana. DaVinci Resolve haiweki miradi yako pamoja na mikanda. Inaiweka kwenye hifadhidata yake iliyojificha ndani ya C. Mtu ananakili folda ya "Harusi" kwa uaminifu wote, SSD inakufa, anabaki na mikanda mibichi bila hata mkato mmoja. Kila ukimaliza siku, safirisha mradi kama faili la .drp, uuweke kwenye folda ya harusi husika. Ni faili dogo, bando halitalalamika.

Kunakili usifanye kwa kuburuta. Andika

robocopy D:\Harusi F:\Harusi /E

ukibadilisha herufi kulingana na diski zako. Itanakili vipya na vilivyobadilika, iruke vilivyokuwepo. Utakutana na watu mtandaoni wanaopendekeza /MIR. Iogope: hiyo hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza, kwa hiyo folda uliyoifuta kwa bahati mbaya leo itafutwa na kwenye bakapu jioni. Na kadi ya kamera usiifomati mpaka mikanda iwe imefika mahali pawili. Hata kama harusi ya kesho inaidai.

Umeme. UPS, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika, nunua kabla ya kadi mpya ya picha. Hata ya dakika kumi inatosha kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Usiwahi kupandisha BIOS bila UPS, na kabla ya kupandisha simamisha ulinzi wa usimbaji kwa uwashaji mmoja tu:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1

Hata hivyo mazabodi uliyochagua ina neema yake. Nyuma kuna kitufe cha Flash BIOS. Umeme ukikatika katikati na BIOS ikaharibika, unapakua BIOS kwa kompyuta nyingine, unalibadilisha jina liwe MSI.ROM, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, nje ya folda yoyote, unaichomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unabonyeza kitufe na kusubiri taa iache kumeta. Inafanya kazi hata prosesa ikiwa haijaamka. Weka flashi ndogo yenye faili hilo tayari, kwa kuwa siku ya kulihitaji hutakuwa na kompyuta ya kulipakulia. Mipangilio yako ya BIOS ipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa: kasi ya RAM, feni, fTPM. Betri ikiisha utashukuru.

Baada ya yote haya, tenga jioni moja isiyo na kazi ya mteja. Zima mashine, chomeka flashi ya kisakinishi, bonyeza F11, uone kama inawaka na kama kibodi inakubali. Fanya vivyo hivyo na flashi ya Veeam, ifungue mpaka uione taswira yako kwenye orodha pamoja na tarehe yake, kisha ughairi. Rudi Windows, chagua mkanda mmoja kutoka kwenye diski iliyo kwa dada yako, ucheze mpaka mwisho. Ukiweza kuazima SSD hata siku moja, irudishie taswira nzima humo, huku SSD yako ukiwa umeichomoa kabisa na kuiweka pembeni. Mazabodi yako ina nafasi moja tu ya M.2, kwa hiyo hata ukitaka kukosea huwezi kuandika juu ya ile ya kazi.

Mwisho, chukua karatasi ya kubandika, uibandike upande wa ndani wa mfuniko wa kasha: DEL ni BIOS, F11 ni menyu ya kuwashia, taswira ya mwisho ni ya tarehe gani, flashi ziko wapi, diski ya tatu iko kwa nani. Tarakimu 48 usiziandike hapo. Na ukifungua diskmgmt.msc ukakuta EFI iko kwenye diski ya TB 2, niandikie kabla hujafuta chochote.